Mita 400 za kichochoro

Ubao mbichi wa mbili kwa nne, futi 12, ukishakaa begani mwa kijana anayeteremka Uru juu, mlimani Kilimanjaro, asubuhi ya mvua, hauendi anakotaka yeye. Mbele unagonga mgomba, nyuma unakwangua masale, ile mimea ya mpaka, ya jirani, na katikati yuko mtu anayetafuta pa kukanyaga kwenye udongo mwekundu uliolainika kama sabuni.

Novemba 2023 nilisimama kwenye kidaraja cha magogo mawili juu ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji, nikiwaangalia vijana sita wakishusha mbao zangu 180 kutoka shambani kwa marehemu baba hadi pale gari linapofikia. Ni mita 400. Nilizipima mwenyewe kwa kamba ya mafundi. Tulipatana shilingi 500 kwa kila ubao. Saa nne hivi, mmoja wao aliteleza pale pale darajani. Ubao ulimtoka, ukapiga jiwe, ukapasuka kwa urefu wake wote, na yeye akakaa chini ameshika bega. Nilipomfikia, neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Dada, nisamehe, ubao umeharibika."

Bega lilikuwa limevimba tayari, na yeye ananiomba radhi kwa ajili ya ubao. Tangu siku ile nimekuwa nikitaka kuyaandika haya.

Watu wa Moshi mjini wakisikia una shamba la miti mlimani, wanakuona umeukata. Wanahesabu miti, wanazidisha kwa bei ya mbao pale sokoni, wanakupongeza. Hakuna anayeuliza mbao zinashukaje. Wala hakuna anayeuliza nani analipa kodi ya ile ardhi katika miaka 15 ambayo mti unasimama tu, haukupi hata shilingi ya chumvi.

Shamba lenyewe ni ekari mbili. Kwa Uchaggani hiyo ni ardhi kubwa. Baba aliirithi ikiwa na kahawa na migomba. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika, bei ikaanguka, na wazee wengi mlimani wakaanza kuitazama mibuni yao kwa jicho lingine. Wapo walioing'oa wakapanda nyanya na maharage. Baba aliibakiza iliyo karibu na nyumba, akapanda misaiprasi upande wa juu na migrivelia kando kando ya mipaka yote. Mavuno ya kwanza yalimsomesha dada yangu mkubwa. Alipomaliza kukata alipanda tena, mwaka 2006, na miche ile niliibeba mimi mwenyewe kwenye viriba, safari baada ya safari, nikipita kichochoro hiki hiki. Miche ni mepesi. Sikuwahi kufikiria itarudi kwa uzito gani.

Kuna jambo lilinichukua muda kulielewa, nalo ni kwamba njia zetu za mlimani zilichorwa na kahawa. Kahawa ya maganda ukiipakia gunia moja ukaishusha kichwani hadi chama cha msingi, umebeba fedha ya maana. Ndizi mama anazibeba mwenyewe. Maziwa yanashuka kwenye ndoo. Majani ya ng'ombe yanapanda mgongoni. Uchumi mzima wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kahawa na migomba, ulikuwa unapita kwenye bega na kichwa, kwa hiyo kichochoro cha upana wa mita moja kati ya kuta mbili za masale kilitosha, na kila hatua ya ardhi iliyookolewa ilipandwa mgomba. Ilikuwa busara kubwa. Mfumo huo wa kihamba ndio uliolifanya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liitambue Shimbwe Juu, hapa hapa Uru, kuwa moja ya maeneo ya urithi wa kilimo duniani.

Mbao ni kitu kingine kabisa. Ni nzito, na thamani yake kwa kila kilo ni ndogo. Mbao zinataka gurudumu. Tulibadilisha zao, njia ikabaki ile ile.

Sasa niseme kuhusu kodi, maana hapa ndipo watu wengi huchanganya. Kodi ya majengo ni kitu kimoja, kodi ya pango la ardhi ni kingine. Ile ya majengo wenye nyumba mjini hatuioni siku hizi, inakatwa tukinunua umeme wa LUKU. Ilianza hivyo mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Inauma kidogo kidogo, unaizoea. Pango la ardhi halikatwi kwenye kitu chochote. Linakusubiri. Linahesabiwa kila mwaka kwa mwenye hati, na usipolipa riba inapanda juu yake, na sheria inaruhusu umiliki wako ufutwe.

Majirani zetu wote katika kichochoro kile wanamiliki kimila. Vihamba vyao ni vya ukoo na hakuna ankara inayowafikia. Baba peke yake ndiye aliyepima, mwaka 1996, akapata hati ya miaka 99, kwa sababu alitaka kukopa benki na benki ilitaka karatasi. Mkopo aliupata na akaumaliza. Hati ikabaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na sisi watoto hatukujua kwamba kila mwaka inazaa.

Alifariki 2013. Mwaka 2022, serikali ilipotangaza msamaha wa riba kwa wenye malimbikizo ya pango, ndipo kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alinipigia: "Hebu kaangalie ile ya baba." Nilikwenda ofisi ya ardhi. Dada wa dirishani aliandika namba ya kiwanja, akageuza skrini nione. Shilingi 1,096,000. Kati ya hizo, 376,000 zilikuwa riba. Deni halisi lilikuwa 720,000, miaka tisa ya shilingi 80,000.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sikuwa na uwezo wa kuzitoa fedha zile kwa mkupuo, na msamaha ulikuwa na tarehe yake ya mwisho, Desemba 31. (Baadaye muda uliongezwa, lakini wakati ule mimi nilijua tarehe moja tu.) Kaka akasema la wazi: "Si kuna miti?"

Kupata kibali cha kukata mti wako mwenyewe mlimani kuna safari yake: barua ya mtendaji wa kijiji, afisa misitu aje aone, na subira katikati. Hilo silipingi. Bila vibali hivyo mlima huu ungekuwa mtupu. Tatizo lilikuwa mnunuzi. Alikuja mfanyabiashara wa mbao kutoka mjini, mtu mpole, anayejua kazi yake. Alizunguka shamba lote akipima unene kwa mikono, akaisifia miti, akasema misaiprasi ya namna hii inatoa mbao nane safi bila shida. Kisha akageuka, akaangalia tulikotoka. Alikaa kimya akikitazama kile kichochoro, na mimi nikaona bei ikishuka usoni mwake kabla hajafungua mdomo.

"Elfu thelathini na tano kwa mti."

Wiki mbili kabla ya hapo, mtu huyo huyo alikuwa amenunua miti ya umri ule ule kwa mama mmoja anayekaa kando ya barabara, elfu sitini kwa mti. Nilimwambia najua. Wala hakukataa. "Kwa yule mama Canter yangu inaingia uani. Kwako nabeba kwa watu." Aliona pia kwamba nina haraka. Mwenye ankara mfukoni haendi sokoni sawa na asiye nayo.

Nikamuuzia miti 22. Nilipata 770,000, nikalipa deni, nikabaki na nauli. Usiku ule nilikaa na kalamu. Tofauti ya elfu 25 kwa mti, mara miti 22, ni shilingi 550,000. Kile kichochoro kilikuwa kimenitoza, katika siku moja, karibu miaka saba ya pango la ardhi.

Na kumbe hata ile 80,000 kwa mwaka haikuwa yangu kihalali. Nilipoisoma ankara kwa utulivu niliona matumizi ya ardhi yameandikwa "makazi". Ekari mbili za miti na migomba, zenye nyumba moja ya mbao, zimetozwa kama uwanja wa nyumba. Kosa liliingia wapi, sijaambiwa. Ilinibidi niende mara tatu, na picha, na barua ya kijiji, na nakala ya hati yenyewe inayosema kilimo, ndipo ikarekebishwa. Pango la mwaka likashuka chini ya shilingi elfu kumi. Nilichokwisha kulipa hakikurudi. Kama wazazi wako wana hati, nakuomba leo hii usome pale palipoandikwa matumizi. Usiangalie jumla tu.

Basi chukua sasa kodi sahihi, hiyo ya chini ya elfu kumi, uiweke karibu na zile 550,000. Ni zaidi ya miaka 50 ya kodi. Tangu siku ile nikiwasikia wenye miti wanalalamika pango ni kubwa, nawaelewa, ila nawauliza kwanza gari linafika umbali gani kutoka kwao. Kodi iliyoandikwa kwenye karatasi unaweza kuibishia, ukaenda dirishani na barua. Ile ya njia haina dirisha.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka pango lipangwe kwa kuangalia ukubwa wa ardhi, matumizi yake na thamani yake. Ni vigezo vya haki. Ila mti wa mbao una tabia ambayo vigezo hivyo havikuiona. Mahindi yanalipa kila mwaka, na kodi inakuja kila mwaka; wanakutana. Mti unakaa kimya miaka 15, kisha unasema mara moja. Mtu wa kipato kidogo akidaiwa kila mwaka, atakata mti wa miaka minane ili alipe, na mti wa miaka minane ni mirunda, siyo mbao. Ningetamani sana mwenye shamba la miti aruhusiwe kulipa pango lake lote siku ya kuvuna, bila riba, kibali cha kuvuna ndicho kiwe mlango wa malipo. Serikali haipotezi kitu. Afisa misitu anafika kuiona miti kabla haijakatwa hata hivyo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu miti hii haisimami kwa ajili yetu peke yetu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa Nusu Maili chini ya msitu mkubwa ili watu wa vihamba wapate kuni na mbao bila kuugusa msitu wa juu. Bibi zetu walikuwa wanaingia na kutoka. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikauchukua msitu, na mengi ya yale yaliyokuwa yanapatikana juu yakafungwa. Kuni hazikuacha kuhitajika. Kenchi za mapaa hazikuacha kuhitajika, wala majeneza. Vyote hivyo sasa vinatoka kwenye miti ya watu binafsi, kwenye mipaka ya vihamba na ekari moja moja kama za baba. Kila msaiprasi unaosimama Uru unaupunguzia msitu wa juu shoka moja, na huko ndiko yanakotoka maji ya mito ya Rau na Karanga ambayo watu wa Moshi wanayategemea.

Kuhusu barabara, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ipo tangu 2017, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara zake. Bodaboda anayenipeleka juu anachangia, na mimi nachangia kupitia nauli yake. Barabara kubwa ya kupanda Uru nimeiona ikitunzwa. Lakini barabara yenye namba inakoma mahali, na kuanzia pale kila kitu ni makubaliano ya watu. Mita 400 zangu hazina namba. Haziwezi kuingia kwenye bajeti ya mtu yeyote mpaka ziwe barabara, na haziwezi kuwa barabara mpaka majirani watano watoe ardhi.

Sheria inayo njia yake. Haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine ipo kwenye Sheria ya Ardhi, unaweza kukubaliana na jirani mkaiandikisha. Lipo baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba na angalau watatu wawe wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la kata nalo, tangu mabadiliko ya 2021, linasuluhisha tu, halihukumu. Rafiki yangu mmoja aliniambia niruke yote hayo niende moja kwa moja kwa wakili. Nilikataa. Wale watu ndio waliochimba kaburi la baba.

Januari 2024 nilipanda na baba mdogo, na dumu la mbege. Nyumba tatu za chini zilikubali ndani ya siku moja. Walikuwa na ng'ombe, walitaka majani yafike kwa gurudumu, na mmoja alikuwa na mama mgonjwa aliyemshusha kwa machela mara mbili mwaka ule. Nyumba ya nne ni ya mzee ambaye hapa nitamwita Meku tu, kama tunavyomwita.

Meku na baba hawakusalimiana vizuri kwa miaka mingi. Chanzo ni mfongo. Katika kiangazi kimoja baba aligeuza maji usiku ambao haukuwa zamu yake, na kahawa ya Meku ikanyauka. Mimi nilikuwa mdogo. Nilijua tu kwamba kwa Meku hatuendi kuomba moto.

Baba mdogo alikata jani la sale kwenye mpaka wetu wenyewe, akalifunga fundo, akanipa nilishike mimi. Nilimuuliza kwa nini siyo yeye, mdogo wake baba. Akasema, "Shamba unalishughulikia wewe. Na radhi uiombe wewe." Nina kaka wawili, na kwa desturi yetu ya zamani binti hapewi kihamba. Sikupata neno la kumjibu.

Meku alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za mtori. Nililiweka sale mbele yake kwa mikono miwili, nikaomba radhi kwa ajili ya maji ya mwaka ule. Alilitazama muda mrefu. Kisu kikaendelea kumenya. Mwisho akasema, "Binti yangu, hayo yameisha. Sale limeingia, siwezi kulirudisha. Lakini njia ni kitu kingine."

"Niambie, Meku."

"Leo unataka hatua mbili. Kesho gari litapita. Kesho kutwa atakuja mtu na rangi nyekundu, atachora X kwenye ukuta huu, aseme nyumba yangu iko ndani ya hifadhi ya barabara. Mimi nilipojenga hapakuwa na barabara. Itakuwa imenikuta, na mimi ndiye nitakayeitwa mvamizi."

Nilikuwa nimejiandaa kujibu mambo ya bei, ya kahawa, ya migomba. Hili sikuwa nimejiandaa nalo, kwa sababu ni kweli. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, kutoka mita 22 na nusu hadi 30 kila upande, na watu waliojenga kihalali wakaamka na X ukutani. Nilimweleza kwamba kichochoro chetu siyo barabara kuu, kipimo hicho hakimhusu. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Leo."

Tulirudi mara nne. Sitayasimulia yote. Kilichotufungulia ni pale nilipoacha kusema barabara. Nilimuuliza, je, ikiwa njia ya guta tu? Magurudumu matatu, inabeba mbao 30 kwa safari, inaenea kwenye mita mbili. Canter isipite kabisa. Meku akasimama kwa mara ya kwanza, akachukua fimbo yake, akatoka nje tukamfuata. Alitembea mpakani mwake wote, mita 90, akichomeka vijiti. Alipofika kwenye mringaringa aliopanda baba yake, akauzungushia kijiti upande wa pili. "Huu haukatwi. Njia itauzunguka."

Tuliandika muhtasari mbele ya mtendaji wa kijiji: upana wa mita mbili, hakuna geti, hakuna gari la magurudumu manne, mringaringa ubaki, kalavati ya mfongo nijenge mimi na maji yasipungue hata tone. Nilisaini, Meku akaweka dole gumba, na nyumba tatu za chini zikasaini. Februari tukafanya msaragambo, kazi ya pamoja ya majirani, siku mbili. Vijana sita walewale walikuja, pamoja na yule wa bega, ambaye alibeba mawe kwa upande mmoja mpaka nikamkataza. Akina mama walileta kiburu na chai.

Mvua za masika zilipoanza, Meku mwenyewe ndiye aliyesimamia upandaji wa masale kwenye mpaka mpya. Alitaka yapandwe mawili mawili, yakaribiane, ili mtu yeyote atakayekuja na kamba ya kupimia ayaone kabla hajaiona nyumba.

Nyumba ya tano, inayopakana na shamba letu, ni ya mtu anayeishi Dar es Salaam. Simu yake inaita. Nimemtumia picha za njia, nimemtumia nakala ya muhtasari, na kaka amekwenda kumtafuta Tegeta mara mbili. Kwa sasa guta linapanda mita 290, linazunguka mringaringa, linasimama kwa Meku. Zile 110 zilizobaki, mbao zinakuja begani.